Antene ya Kukataza Foni ya Paluku

Siku ya kazi mbili, njo Jumanne, tarehe 25 mwezi wa tatu, 1997

…na njo pale nilifikia wakati jirani Chileshe aliingia kuomba chumvi. Akaikala mpaka jua ikazama, akaongea ya bantu yote, akaenda bila chumvi. Narudilia. Rido ya Kahambu, ile pazia nilimuuzishia, haikukuwa mufupi! Nilipima miye mwenyewe, na metre yangu mwenyewe, mbele ya macho yake. Ni madirisha yake njo marefu. Bantu ya Kivu bakijenga nyumba, banatia madirisha sawa ya kanisa. Ni makosa yangu?

Metre yangu, kweli, inapungua kidogo. Vidole ine. Lakini mu soko kila mwenye kuuzisha nguo eko na metre yake, na yangu iko na adabu kupita ya bengine.

Basi Kahambu hanisalimie tena. Ingekuwa yeye peke yake, bule, haina neno. Lakini bwana yake ni Paluku, ule mwenye malori na depo ya sukari, na Paluku eko na foni mu nyumba. Ile machine ya kuongea na bantu ya mbali kwa mawimbi ya radio: Mitwaba, Kambove, Kasomeno. Eko anapiga kelele mule saa gani? Saa ya habari ya Londoni! Kila mangaribi. Bantu ya avenue, mutaa yetu, banaisha kuikala pa barza yangu, kiti kwa kiti, nafungula radio, Londoni inaanza kusema majeshi ya baasi inafika wapi, na pale pale Paluku anaingia mu radio yangu sawa mbuzi mu shamba ya muntu. Allô Mitwaba! Allô Mitwaba! Magunia ya muhogo! Narudilia, magunia ya muhogo! Over!

Na bantu banacheka. Vita inashuka, Zaire inaanguka, nao banacheka muhogo.

Miye sichekake. Bwana yangu Symphorien alienda Kasomeno kutafutia sisi unga ya mahindi, barabara ikafungwa nyuma yake, na mpaka leo hakuna sauti. Kama eko muzima, kama eko mukufwa, sijui. Njo maana nataka Londoni. Londoni inajua yote. Siku moya itasema ya Kasomeno.

Niko na plan.

Siku ya kazi ine, tarehe 27

Nilienda kwa Jérémie, ule bwana mwenye ndevu anatengenezaka maradio pembeni ya kanisa. Kabila yake Muluba, ya Kasai. Alisoma polytechnique mpaka Serikali ikafunga masomo. Anasema Kifaransa sawa padri. Nikamuambia nataka antene ya kushika dunia muzima. Anasema inawezekana. Nikasema dunia muzima, lakini hapana Paluku.

Akacheka mpaka akaweka tournevis, bisibisi yake, chini. Anasema, Mama Olive, unataka mulango yenye kuingiza kila muntu, ila jirani, voisin moya tu? Nikasema njo ile.

Akanielezea. Sikufwata yote, lakini nafikiri nilifwata kupita mwanafunzi wake. Antene ya kawaida iko na sikio moya. Yeye atatia waya ya mukuba, ile shaba, mingi, mirefu na mifupi, zote zinatokea pa fundo moya sawa vidole ya mukono. Murefu inashika mawimbi marefu, mufupi inashika mafupi. Hakuna kitu itapita. Alafu, juu ya Paluku, anafunga waya ingine pembeni. Anaiita mukila, sawa mukia ya mbuzi. Urefu ya mukila inalingana na wimbi ya Paluku, yake peke yake. Sauti ya Paluku inaingia mu mukila, inafika ku mwisho, inakuta njia inaisha, inarudi, inakutana na ile yenye kuingia, na zote mbili zinauana. Bengine banapita salama.

Furaha gani! Nikamuona Paluku mule mu mukila, anakimbia na tumbo yake, anagonga ukuta, anarudi.

Jérémie anasema mukila ni metre saba. Kamili. Ikipungua, itaua muntu mwingine. Nikasema kupima uniachie miye, iko kazi yangu.

Kwa malipo anataka popeline, nguo ya kushona shati. Nikapima, nikakata. Alafu nikapima mukila.

Siku ya posho, njo Jumamosi, tarehe 29

Antene inapanda! Kutoka ku mabati mpaka ku muti ya avoka, na kurudi. Lupango, kiwanja yetu yote, waya. Kuku inapita na heshima. Kahambu anaangaria juu ya kibambazi, ukuta ya lupango, kinywa wazi, nikajifanya simuone.

Mara askari. Si bapya, bale baasi benye kukuya, ni hawa betu ya Serikali, bale benye kukimbia vita na kubeba matelas, magodoro ya bantu, ku kichwa. Bane, na bunduki, banaingia bila odi. Banauliza hii waya ni ya nini. Banasema iko sawa waya ya bapelelezi, na bapelelezi dawa yao banaijua.

Lakini miye sikosake neno! Nikasema, ba papa, ni ya kuanikia nguo. Nikaita Olive alete nguo. Binti yangu eko na akili: akaleta nguo yote ya nyumba, kavu, akaanika mbele yao. Mashuka. Bikwembe, bitenge yetu. Suruali ya Symphorien ya ndoa.

Mukubwa yao akagusa shuka moya. Akasema kweli, ni ya nguo.

Banaanua yote, banaenda nayo.

Kahambu akasema kutoka ku kibambazi, sauti tamu, eti ni pole, lakini juu ya nini hawakubeba na metre yangu? Na ile metre, njia ya kukimbilia Kinshasa ingekuwa mufupi.

Nilijibu nyuma ya saa mbili kuisha, mu jikoni, peke yangu, muzuri sana.

Siku ya Mungu, tarehe 30. Pasaka

Jérémie alikuya nyuma ya misa kuisha. Anasema antene lazima ikunjwe, ikuwe kadogo, ifichwe, kama hapana itatuuzisha kwa askari. Akachukua lubao, akapiga misumari, akapitisha waya kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, sawa muntu anasuka nywele. Mukila akaizungusha pembeni. Ile antene ya lupango muzima ikaingia kwa nyuma ya picha yetu ya ndoa pa salon! Kubwa kidogo kupita picha, lakini nikatia dentelle, kitambaa ya urembo.

Sasa Symphorien eko pa ukuta na costume yake, na kwa mugongo anashika dunia.

Nikamuuliza picha: uko wapi, bwana? Anakaza uso tu, sawa siku ile ya fotografe.

Jérémie alivaa shati yake mupya ya Pasaka. Mikono inaishia hapa karibu na kiwiko. Anasema fundi wa kushona alikosea. Nikasema mafundi ya siku hizi, tshia, bantu bule.

Siku ya kazi mbili, tarehe 1 mwezi wa ine

Siku ya kufungula! Niliita avenue yote. Chileshe alikuya, muzee Mukuka na kofia, bantu nyuma ya bantu, hata kwa kibambazi kichwa ya Kahambu. Jérémie akageuza kifungo. Brazzaville: safi. Lusaka: safi, kwimba na yote. Paris: sawa muntu anakuongelea mu sikio. Bantu banapiga makofi. Miye nasimama, mikono ku kiuno, sawa bibi ya gouverneur.

Sasa, nikasema, Londoni.

Kimya. Kimya ya kaburi! Anageuza, anarudisha. Londoni inakufwa. Na pale pale, wazi kupita siku zote, sawa eko anaikala pa magoti yangu, Paluku: Allô Mitwaba! Unasema nimwambie muzee Mukuka mbuzi yake inazala mapacha! Narudilia, mapacha! Bote badume!

Muzee Mukuka akatupa kofia. Bantu banacheza pa barza. Banacheza juu ya mbuzi!

Jérémie akavuta ndevu. Anasema mukila iko mufupi, haikuua Paluku, iliua Londoni. Akaniuliza, mbele ya bantu yote: Mama Olive, metre yako iko kamili?

Ee Mungu. Chileshe, mwenye nilimuuzishia nguo ya kubebea mutoto. Muzee Mukuka, costume. Kahambu, rido. Bote bananiangaria kinywa.

Nikasema metre yangu ni kamili sawa ya Serikali.

Akasema basi ni hesabu njo inakosa. Nikasema, Jérémie, mu hii Zaire kitu yote inaharibika, poste, train, banque, juu nini hesabu tu ipone? Bantu bakasema kweli. Niliponea pale. Lakini usingizi ilikataa.

Siku ya kazi ine, tarehe 3

Bantu bote balikimbia kuangaria train ya askari yenye kukimbia kusini. Kila voisin. Njo saa yangu. Nikatelemusha Symphorien ku ukuta, nikafungula mukila, nikaongeza waya: vidole ine kwa kila metre, mara saba. Nikafunga fundo. Nikarudisha picha.

Mangaribi nikafungula. Londoni!!! Sauti ya kunguruma, ya bwana mwenye kula vizuri. Na Paluku? Nikasikia sauti yake kwa mbali, yenyewe ya kinywa, kupitia madirisha yake marefu. Lakini mu radio, hakuna. Hata kikohozi. Eko ndani ya mukila, anauana na mwenzake.

Nilicheza peke yangu. Olive anasema ninaaibisha.

Jérémie alipita. Nikamuambia waya ilirefuka na joto ya jua. Anaangaria fundo yangu. Anaangaria mikono ya shati yake. Anaangaria fundo tena. Anaenda polepole.

Siku ya posho, tarehe 5

Sielewe.

Londoni inasema muzuri, kila neno. Kinshasa, Kisangani, ba ministre, ba ambassadeur. Kasomeno, hapana. Mangaribi yote nangoja neno Kasomeno, haikuye. Naona Londoni haijuake Kasomeno. Lakini itajua!

Na viti iko tupu. Siku ya kwanza, niliisha kucheza peke yangu, balikuya bantu, bakasikiliza Londoni kidogo, bakauliza: na Paluku? Nikasema Paluku hayuko tena, nilimukataza. Basi, jana beko wawili. Leo, miye na kuku.

Bote beko kwa Chileshe! Chileshe na karadio kake kadogo, mawe yake, betri, yanafungwa na élastique ya kaptula. Kutoka huku nasikia makelele yao, banacheka, alafu banasema shhh, alafu banacheka tena. Wivu tu. Banaona maendeleo yangu, inabauma.

Lakini kuko kitu. Nikipita ku avenue, bantu bananyamaza. Miye! Miye mwenye kuletea hii avenue songi-songi, umbea yote, tangu Olive eko mu tumbo! Muzee Mukuka aliniangaria, akafungula mikono yake mbele, sawa muntu anapima samaki, akaifunga kidogo, akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza nini. Akasema hakuna, mama, hakuna.

Kuko muntu anajua kitu na miye sijui. Ni ugonjwa mubaya. Nililia kidogo juu ya Symphorien. Alafu nikala bukari, ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo.

Siku ya Mungu, tarehe 6

Leo njo leo.

Nyuma ya misa nasikia odi. Nafungula: mulongo, foleni ya kufika ku njia! Bantu ya avenue bote, kila muntu na nguo yake ku mukono. Ba rido, bikwembe, muzee Mukuka na suruali ya costume. Mbele Kahambu. Pembeni yake Jérémie, na metre ya chuma, ile ya kujizungusha, na uso ya juge, hakimu kabisa.

Kahambu anasema banakuya kupimisha upya. Nikapandisha sauti. Nikasema nani anapanda hii uongo, anionyeshe huyo muntu! Kahambu anasema: bwana yako.

Nikasema bwana yangu eko Kasomeno.

Anasema njo ile, eko Kasomeno, anapigaka foni kila mangaribi tangu siku ya kazi ine.

Nikaikala chini pa udongo na bikwembe ya kanisa. Eko muzima! Nikamushika Kahambu miguu, nikamuuliza eko muzima kweli? Akasahau hasira yake, akainama, akanipangusa uso na rido yenyewe. Anasema muzima kabisa, mama, anakula vizuri, eko kwa bapadri benye foni, na unga yake yote. Nikalia, nikacheka, nikamubusu. Nikamubusu na Jérémie. Muzee Mukuka akajiweka karibu, nikamuruka.

Alafu akili ikarudi. Nikauliza juu nini hawakuniambia. Kahambu akafungula macho. Weye? Weye mwenye antene ya kushika dunia muzima? Tukuambie nini? Tulisema unasikia mbele yetu, na unanyamaza juu ya haya!

Basi nikaomba banielezee. Muzee Mukuka njo akajitolea. Akasimama pa barza, akatia mukono ku kinywa sawa foni, akafanya sauti ya Paluku. Paluku anarudiliaka kila kitu kwa nguvu, juu ya bale ya mbali basikie, na maradio yote ya avenue inamukamata. Yote, ila moya.

Allô Kasomeno! Nakusikia, Symphorien! Unasema uko muzima! Unasema kule askari bapya balifika! Unasema banapima metre ya kila muuzishaji, na mwenye metre mufupi anachapwa pa soko! Unasema Mama Olive achome ile metre yenu! Narudilia, ACHOME ILE METRE! M sawa Mukuba! E sawa Eva! T sawa Tomsoni! Unauliza jibu yake? Bado hakuna! Basi tutarudilia kesho! Over!

Na kesho bakarudilia. Na kesho tena. Njo maana bantu balikuwa kwa Chileshe. Avenue muzima inangoja kila mangaribi kusikia kama nachoma.

Na miye nilikuwa na Londoni.

Nilipima mpaka jua ikazama, na metre ya chuma ya Jérémie. Kila muntu anapata kipande yenye kupunguka. Nguo ya maua iliisha, Kahambu nikamutilia kijani chini. Anasema madirisha yake sasa iko sawa drapeau, bendera ya Zaire. Lakini anacheka. Anasema nikuye kwake kesho mangaribi, Symphorien atapiga tena. Kwa Jérémie niliongeza mikono ya shati, kijani pia. Anasema merci, na ile merci ilinichoma kupita matusi.

Siku ya kazi moya, tarehe 7

Mangaribi nilienda kwa Kahambu. Foni ilikuwa kimya. Paluku anasema labda kule hakuna courant ya umeme.

Siku ya kazi tatu, tarehe 9

Asubui bunduki. Tuko chini ya kitanda, miye, Olive na kuku. Muchana kimya. Alafu nyimbo: askari bapya banaingia mu muji, na bote banapanga mulongo ku njia kuangaria. Banatembea na miguu, banachoka, bamoya na viatu ya mpira ya mvua. Hakuna mwenye kuvaa suruali ya ndoa ya Symphorien, niliangaria.

Nilifikiri sana chini ya kitanda, na naandika hapa mafundisho nilipata, juu isipotee.

Ya kwanza: antene yangu ilikuwa muzuri. Haikuwa na makosa hata moya! Ilikatazia Paluku sawa niliomba. Makosa ni ya mukila: inakata bote bila kuchagua. Basi nilimuita Jérémie, anifanyie mukila mbili. Moya ikate Paluku wakati anasema muhogo na mbuzi. Ingine ikate Paluku wakati anasema miye, lakini hii itiwe ku radio ya Chileshe na ya bengine, si ku yangu. Jérémie anasema waya haijuake bantu banasema nini, inajua urefu tu. Nikasema tuanze tu, tutaona. Akaenda. Atarudi, nilimuonyesha popeline ya bleu.

Ya pili: metre. Jana niliichoma mbele ya avenue yote, pa njia, sawa Symphorien alisema. Bantu balipiga makofi. Muzee Mukuka aliondoa kofia. Ilikuwa muti ya fagio, nilichora ka mistari na makaa. Metre yenyewe iko nyuma ya picha ya ndoa, pamoja na Londoni. Juu fikiri: nguo yote nilirudisha siku ya Mungu, nani atanirudishia? Inaomba kupunguzwa kidole moya tena. Vidole tano njo hesabu yenye kusimama. Na nitatengeneza ya pili, murefu, ya kuonyesha askari. Hata metre inaweza kukuwa na mukila. Leo mangaribi nitakata.

Niko na kisu ku mukono hata sasa, naandika na ingine.

Olive anaita kutoka ku mulango. Nasema ngoja. Anaita tena, analia. Kuko lori ya Paluku pa njia, naisikia, na bantu banapiga vigelegele, na muntu anapiga kelele ya kujaza avenue, bila foni, bila antene, bila… Symphorien! Sauti ya Symphorien! Ee Mungu yangu, eko muzima, eko pa mulango! Haulizie afya yangu. Anaulizia metre. Na anasema askari bapya benye kumuleta mu lori bataingia kunywa maji, pa salon, na Olive, mutoto bila akili, anabaambia bakuye baone picha ya nd